Jukwaa la sarafu linanitaka nithibitishe kwamba pochi ya kifaa ni yangu, lakini saini yangu inakataliwa

#1 Mgeni wa Rhine
Wakuu, salaam. Ninaishi Ujerumani, na kwa muda sasa nimekuwa nikinunua Bitcoin kidogo kidogo kwenye jukwaa moja la kubadilishia sarafu lenye kibali cha Ulaya, kisha naihamishia kwenye pochi yangu ya kifaa, ambayo ni Trezor. Safari hii nilipoomba kutoa kiasi kinachozidi euro 1,000, muamala ulisimamishwa na nikatakiwa nithibitishe kwamba anwani ninayoitumia ni yangu mwenyewe. Nilipewa njia mbili: ama nisaini kwa anwani hiyo ujumbe walioutunga wao, ama nitume kiasi kidogo mno kutoka kwenye anwani hiyo kwenda kwao. Nikachagua saini. Kifaa kilinionyesha ujumbe, nikaukubali, nikapata mfululizo mrefu wa herufi, nikaubandika kwenye ukurasa wao, na jibu likawa kwamba saini si sahihi. Nimerudia na jibu ni lile lile. Anwani ni mpya na inaanza na bc1q. Naomba kujua mambo mawili: saini inakataliwa kwa sababu gani, na je, kuna sheria inayowataka waniulize, au ni urasimu wao tu?

#2 Kipanga wa Pwani
Kabla ya yote, ulifikaje kwenye huo ukurasa? Kama ulifuata kiungo kilichokuja kwa barua pepe, simama hapo hapo. Mwezi Desemba 2020 majina, anwani za nyumbani na namba za simu za wateja wa Ledger, kampuni nyingine ya pochi za kifaa, wapatao 272,000 zilimwagwa hadharani, na tangu hapo matapeli wamekuwa wakiwaandikia watu barua, hata za karatasi zinazoletwa na posta, wakiwataka "wathibitishe" pochi zao. Kuthibitisha kwao ni kuandika yale maneno 24 ya siri yanayoweza kuirejesha pochi yako yote. Hakuna uthibitisho wa kweli unaohitaji maneno hayo, hata neno moja.

#3 Mgeni wa Rhine
Ahsante kwa tahadhari, mkuu. Niliifungua programu yao mwenyewe bila kufuata kiungo chochote, na maneno 24 hayakuulizwa. Waliomba saini tu.

#4 Funguo Saba
Naomba utuambie herufi ya kwanza ya saini yako, herufi moja tu inatosha.

Sababu ni hii. Usainishaji wa ujumbe wa Bitcoin ulibuniwa wakati wa anwani za zamani zinazoanza na 1, na hadi leo amri ya kusaini iliyomo ndani ya Bitcoin Core, programu ya msingi ya Bitcoin, hufanya kazi kwa anwani za aina hiyo pekee. Anwani za bc1q zilipokuja, kila mtengenezaji alifuata njia yake. Pendekezo la BIP 137 (BIP ni mapendekezo ya kuboresha Bitcoin) linataka baiti ya kwanza ya saini itaje aina ya anwani; Electrum, programu ya pochi, wao huandika baiti ile ile ya anwani za zamani, kisha hujaribu kuilinganisha na kila aina. Saini zote mbili ni halali kihesabu, lakini mkaguzi, yaani programu ya kuhakiki saini, akiijua njia moja tu huikataa nyingine. Saini ya bc1q iliyotengenezwa kwa BIP 137 huanza na J au K, na ile ya Electrum huanza na H au I. Katika programu ya Trezor kuna kitufe cha kuchagua kati ya mifumo hiyo miwili, na wengi hupita bila kukiona.

#5 Wakili wa Kijiweni
Nijibu swali la pili. Sheria ipo. Mwezi Juni 2019, FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, kilipanua Pendekezo lake la 16, ambalo awali lilihusu mabenki, likaingiza na watoa huduma za sarafu za kidijitali. Umoja wa Ulaya ukatunga Kanuni ya 2023/1113, iliyoanza kutumika tarehe 30 Desemba 2024. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mteja akituma zaidi ya euro 1,000 kwenda kwenye anwani isiyo chini ya mtoa huduma yeyote, jukwaa linapaswa kuchukua hatua za kutosha kutathmini kama anwani hiyo ni ya mteja. Sharti kama hilo lipo pia kwa fedha zinazoingia. Kwa hiyo hawakukuonea. Hata hivyo kanuni haikutaja saini wala njia nyingine yoyote. Njia zimeorodheshwa katika miongozo ya Mamlaka ya Benki ya Ulaya, na saini na malipo madogo ya majaribio ni mbili tu kati yake.

#6 Mzee wa Kahawa
Mgeni, ulinunua kifaa ili usiulizwe maswali, na sasa kifaa chenyewe ndicho kinachohojiwa.

Utani kando, mimi nina shaka na jambo lote. Saini inathibitisha nini hasa? Inathibitisha kwamba mtu fulani, mahali fulani, ameushika ufunguo binafsi wa anwani ile. Mpangaji naye ana ufunguo wa nyumba, lakini hakuna mtu anayemwita mwenye nyumba kwa sababu hiyo. Ningeweza kumpigia simu binamu yangu, nikampelekea ujumbe wa jukwaa, akausaini kwa kifaa chake na kunirudishia, na jukwaa lingeandika kwamba pochi ya binamu ni yangu.

#7 Wakili wa Kijiweni
Mzee, hoja yako ni nzuri, lakini kanuni imeitangulia. Haikusema anwani "inayomilikiwa" peke yake. Imesema inayomilikiwa au kudhibitiwa na mteja. Mpangaji wako mwenye ufunguo ameshapita mtihani. Kuhusu binamu, huo ni udanganyifu wa mteja dhidi ya jukwaa, na kwa kawaida mteja hutakiwa pia kutoa tamko, ambalo likiwa la uongo atawajibika kwalo.

#8 Mgeni wa Rhine
Funguo Saba, saini yangu ilianza na K. Baada ya kusoma maelezo yako nilikigeuza kile kitufe kwenda mfumo wa Electrum, nikapata saini inayoanza na I, nikaituma. Imekataliwa nayo.

#9 Mama Hesabu
Basi tatizo halimo kwenye saini, limo kwenye ujumbe. Kinachosainiwa ni muhtasari wa baiti za maandishi, na baiti moja ikibadilika muhtasari wote unakuwa mwingine. Ukinakili maandishi kutoka kwenye ukurasa unaweza kubeba nafasi tupu mwishoni bila kuiona. Mistari miwili inaweza kukatwa kwa namna moja kwenye Windows na kwa namna nyingine kwenye mifumo mingine. Simu nazo hupenda kuzigeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda.

Swali langu: ujumbe wao uliandikwa kwa lugha gani? Kama ni Kijerumani na una herufi kama ä au ü, kompyuta inaweza kuihifadhi herufi hiyo kwa namna mbili, ama kama alama moja kamili, ama kama herufi ya kawaida iliyofuatwa na vidoti vyake. Jicho linaona kitu kimoja, lakini baiti ni tofauti.

#10 Mgeni wa Rhine
Ni Kijerumani, dada, na ä imo. Ujumbe una mistari mitatu: jina la jukwaa, tarehe pamoja na namba ya ombi, na sentensi ya kuthibitisha.

#11 Funguo Saba
Namheshimu sana Mama Hesabu, lakini bado nashikilia kwamba ni mfumo wa saini. Yapo majukwaa ambayo mkaguzi wake hupokea BIP 322 peke yake. Hilo ni pendekezo la mwaka 2018 linalousaini ujumbe kana kwamba ni muamala wa kubuni usioweza kamwe kuingia kwenye mnyororo (daftari la umma la miamala ya Bitcoin), na kwa sababu hiyo linafaa kwa kila aina ya anwani, zikiwemo za bc1p ambazo njia ya zamani haiziwezi. Saini ya BIP 322 kwa anwani ya bc1q ni ndefu zaidi na huanza na herufi "Ak". Kama ndiyo wanayoitaka, unaweza kugeuza vitufe vya K na I mpaka jioni na hutaipata.

#12 Chipukizi
Samahanini wakuu kwa swali la mwanafunzi. Mtu akisaini huo ujumbe, hawawezi kuitumia saini hiyo kuchukua sarafu zake?

#13 Funguo Saba
Hawawezi. Kabla ya kusainiwa, kila ujumbe hutanguliwa na maneno maalumu yanayoutambulisha kuwa ni ujumbe wa Bitcoin, hivyo muhtasari wake hauwezi kulingana na wa muamala wowote halali. Wanachokipata ni ufunguo wa umma wa anwani hiyo moja, yaani namba ya kuhakikia saini zake, ambao ungeonekana siku utakapotumia sarafu zake.

#14 Kipanga wa Pwani
Jibu la Funguo Saba ni sahihi, ila lina pengo. Sarafu zako hazitachukuliwa, lakini saini yako inaweza kutumika kwingine. Tuseme tapeli ameomba kutoa fedha kwenye jukwaa A kwa kutumia akaunti aliyoiiba, akapewa ujumbe wa kusaini. Anakujia wewe akijifanya jukwaa B na kukupa ujumbe ule ule. Ukiusaini, anwani yako ndiyo itakayosajiliwa katika akaunti ya wizi, na siku ya uchunguzi wewe ndiwe utakayetafutwa. Ndiyo maana ujumbe unapaswa kutaja jina la jukwaa, tarehe na madhumuni, na wewe unapaswa kuusoma kwenye skrini ya kifaa, si ya kompyuta. Ujumbe ambao ni tarakimu tupu zisizo na maana, usiusaini.

Na jambo jingine ambalo halijaguswa: wakikuomba ufunguo wa umma uliopanuliwa, ule unaoanza na xpub au zpub, kataa. Huo hauthibitishi udhibiti wowote, na mwenye kuuona anaona anwani zote za akaunti ile, zilizopita na zijazo.

#15 Mkaazi wa Kisauni
Uzi mzuri. Sisi tuna chama, na akiba yetu ya Bitcoin iko kwenye anwani inayohitaji saini mbili kati ya tatu: mwenyekiti, mweka hazina na katibu, kila mmoja na kifaa chake. Mweka hazina ana akaunti kwenye jukwaa la Uingereza kwa kuwa anaishi huko, na kule nako wanauliza tangu sheria yao ilipoanza tarehe 1 Septemba 2023. Sasa asaini nani? Mweka hazina peke yake haidhibiti pochi. Wakisaini wawili, jukwaa linataka jina la mteja mmoja.

#16 Funguo Saba
Kwa njia ya zamani hamtaweza hata mkikubaliana, kwa kuwa saini ile ni ya ufunguo mmoja kwa anwani moja. Anwani yenu, kama ni ya bc1q, ina herufi 62 badala ya 42, na wakaguzi wengi huitupa kabla ya kusoma saini. BIP 322 inaruhusu kinadharia. Njia iliyobaki ni malipo ya majaribio, ambayo wawili watayasaini kama muamala wa kawaida.

#17 Mzee wa Kahawa
Na hapo chama kizima kitaandikwa kuwa pochi ya mweka hazina. Mwenyekiti, lala usingizi!

#18 Wakili wa Kijiweni
Mzee anatania, lakini hilo ni suala zito. Mkaazi, jukwaa lielezwe kwa maandishi kwamba pochi ni ya kikundi na lioneshwe katiba ya chama. Mweka hazina asitamke kwamba pochi ni yake peke yake.

#19 Dada wa Rotterdam
Nyongeza kutoka Uholanzi, kwa sababu sisi tuliyaonja haya mapema. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Uholanzi ilizitaka kampuni za sarafu zihakikishe kwamba anwani ya kutolea ni ya mteja kweli, na wateja wakawa wanatakiwa kupakia picha ya skrini ya pochi au kusaini ujumbe. Kampuni ya Bitonic ilikwenda mahakamani, na mwezi Aprili 2021 mahakama ya Rotterdam ikaiagiza benki kuu iupitie upya uamuzi wake. Mwezi Mei benki kuu ikalegeza na sharti likaondolewa. Kwa hiyo, ndugu Mgeni, usidhani kwamba kila sharti linaloitwa sheria haliwezi kupingwa.

Picha ya skrini, kwa maoni yangu, ilikuwa kichekesho: kila mtu anaweza kuihariri, na ikihifadhiwa vibaya inamwonyesha mwizi salio lako lote.

#20 Wakili wa Kijiweni
Ni kweli, dada, ila wasomaji wasitoke na picha isiyo kamili. Bitonic ilishinda kwa sababu benki kuu ililazimisha sharti ambalo msingi wake katika sheria ya wakati ule ulikuwa dhaifu. Kanuni ya 2023 imeliandika sharti lenyewe waziwazi kwa kiasi kinachozidi euro 1,000, kwa hiyo hoja ile haiwezi kurudi kwa sura ile ile.

#21 Mtaa wa Lumumba
Mbona hakuna aliyetaja neno la ziada? Baadhi yetu tumeongeza kwenye maneno 24 neno letu la siri, na kifaa kikifunguliwa bila neno hilo kinatoa pochi nyingine kabisa yenye anwani nyingine. Huenda Mgeni alichukua anwani kutoka pochi moja na kusaini kwa nyingine.

#22 Funguo Saba
Si rahisi. Ile programu husaini kwa anwani uliyoichagua kutoka kwenye akaunti iliyo wazi, na kifaa huionyesha. Pochi ingekuwa nyingine, angeona anwani tofauti na aliyoipeleka kwenye jukwaa.

#23 Mtaa wa Lumumba
Angeona, kama angelinganisha herufi zote 42. Wengi tunaangalia nne za mwanzo, na zote ni bc1q.

#24 Mama Hesabu
Hapo Lumumba amekushika, Funguo Saba.

Mgeni, kama umechoka na saini, njia ya malipo ya majaribio ipo, lakini ina mitego yake. Kwanza, umesema anwani ni mpya, na anwani tupu haiwezi kutuma kitu. Itabidi kwanza uingize kiasi kidogo humo. Pili, Bitcoin haitoki kwenye pochi kama salio moja. Inatoka kama vipande, kila kipande na anwani yake, na programu hujichagulia vipande inavyotaka. Usipotumia kipengele cha kuchagua sarafu kwa mkono, malipo yanaweza kutoka kwenye anwani nyingine yako, na jukwaa likasema jaribio limeshindikana. Tatu, chenji itarudi kwenye anwani mpya, kwa hiyo ile uliyoithibitisha itabaki tupu. Usishtuke. Na ada hupimwa kwa ukubwa wa muamala katika baiti, si kwa kiasi kinachotumwa, kwa hiyo siku ya msongamano unaweza kulipa ada inayozidi malipo yenyewe.

#25 Chipukizi
Kwa nini asitoe euro 900 leo na 900 kesho, akaachana na maswali?

#26 Wakili wa Kijiweni
Kijana, kutoa kiasi kidogo mara moja ili kuifungua anwani ni sawa. Kuugawa mzigo mmoja makusudi ili upite chini ya kikomo ni jambo ambalo vitengo vya kuzuia utakatishaji wa fedha hulitafuta kabla ya mengine, na akaunti yako itafungiwa ukiwa huna kosa jingine lolote. Isitoshe, hata chini ya euro 1,000 jukwaa bado linakusanya taarifa za mtumaji na mpokeaji. Kinachopungua ni wajibu wa kuhakiki anwani.

#27 Mtaa wa Lumumba
Na sisi tulio Dar es Salaam, haya yanatuhusu au ni mambo ya Wazungu?

#28 Mkaazi wa Kisauni
Yanakuja. ESAAMLG, kundi la kikanda linalosukuma viwango vya FATF Mashariki na Kusini mwa Afrika, lina makao yake hapo hapo kwenu Dar. Kenya ilipitisha Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali mwaka 2025, na Rais akaitia saini mwezi Oktoba. Tanzania mna tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki, na juu yake mna kodi ya zuio ya asilimia 3 iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2024. Kitu kinachotozwa kodi hakikai muda mrefu bila kuulizwa ni cha nani.

#29 Mzee wa Kahawa
Bado sijaridhika na suala la saini. Mwaka 2020 zilitolewa saini za anwani 145 za miaka ya mwanzo ya Bitcoin, anwani ambazo zilikuwa zimetajwa katika kesi ya Craig Wright, mtu aliyejitangaza kuwa ndiye mbunifu wa Bitcoin, huko Marekani kuwa ni zake. Ujumbe uliosainiwa ulimkana Wright waziwazi. Dunia nzima ilijua kwamba mwenye funguo zile si yeye, na hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa saini zile peke yake kwamba mwenyewe ni nani. Saini haina jina.

#30 Kipanga wa Pwani
Mzee, mfano huo unaibeba saini zaidi kuliko unavyoiangusha. Jukwaa tayari lina jina la Mgeni, pasipoti yake na uso wake. Wanachokikosa ni uhusiano kati ya jina hilo na anwani, na saini ya ujumbe wenye namba ya ombi lake inausogeza uhusiano huo karibu, hata kama haiufungi.

#31 Mgeni wa Rhine
Wakuu, nimerudi na taarifa. Nilitoa kiasi kidogo kwenda kwenye anwani ile, wakakiruhusu, kisha nikachagua kipande hicho kwa mkono kama alivyoelekeza Mama Hesabu na kurudisha satoshi (sehemu ndogo kabisa za Bitcoin) walizozitaja. Baada ya muamala kuthibitishwa kwenye mnyororo, anwani ikakubaliwa na fedha zilizozuiwa zikatoka.

Kuhusu saini, niliwaandikia huduma kwa wateja kuuliza wanapokea mfumo gani. Jibu lao ni kwamba "saini inapaswa kutengenezwa na pochi inayounga mkono kipengele hiki". Hawakutaja BIP yoyote.

#32 Funguo Saba
Jibu la namna hiyo kwangu ni BIP 322. Wangekuwa wanapokea mfumo wa zamani, wangesema tumia Trezor au Electrum.

#33 Mama Hesabu
Na kwangu ni jibu la mtu asiyeujua mkaguzi wake. Mgeni angejaribu kusaini neno moja lisilo na ä wala mstari wa pili, akalihakiki kwenye programu nyingine huru, tungejua kama kifaa na mfumo viko sawa. Mpaka hapo, herufi ile ya Kijerumani bado ni mshukiwa wangu.

#34 Mgeni wa Rhine
Nitalijaribu hilo, dada. Swali jingine limezaliwa: Trezor hunipa anwani mpya kila ninapopokea. Je, nitathibitisha upya kila mara?

#35 Dada wa Rotterdam
Huku jukwaa ninalotumia huiweka anwani iliyothibitishwa kwenye orodha yake, na ukiirudia hawaulizi tena. Ukileta mpya, wanaanza upya.

#36 Kipanga wa Pwani
Na hapo ndipo wanapotusukuma kurudia anwani ile ile, jambo ambalo tumeambiwa miaka yote tusilifanye, kwa sababu kila anayekulipa mara moja ataona malipo yako mengine yote. Mimi nimeamua kutenga akaunti moja ya kifaa kwa ajili ya jukwaa tu, na sarafu zikishafika humo nazihamisha mwenyewe.

#37 Mama Hesabu
Kuhamisha kunaonekana kwenye mnyororo, Kipanga. Umeongeza ada, hukuongeza siri.

#38 Kipanga wa Pwani
Kunaonekana, ndiyo. Lakini kanuni ya euro 1,000 inamwamuru mtoa huduma ahakiki anwani ninayotoa fedha kwake, haimwamuru ahakiki ile itakayofuata. Atakayetaka kuifuata aifanye kazi hiyo mwenyewe.